Pensheni ya uzee ya serikali: alipwe kila mzee au wapimwe kipato kwanza? Tujadiliane kwa hoja

Kalamu_ya_Jioni

Wakuu habari za saa hizi. Kila bajeti ya nchi ikibana, popote pale duniani, hoja hii hairudi peke yake inarudi na sauti kubwa: kwanini tajiri mwenye majumba alipwe pensheni na serikali wakati kuna bibi hana hela ya dawa, si bora wazee wapimwe kipato hela iende kwa wanaostahili tu. Ukiisikia kwa mara ya kwanza huoni pa kuipinga. Mi naipinga, na siipingi kwa kuwaonea huruma matajiri, naipinga kwa ajili ya huyo huyo bibi. Ngoja nieleze alafu mnijibu.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini maana watu wanachanganya. Kuna pensheni ya michango, umekatwa mshahara miaka yote na mwajiri kachangia, hiyo ni jasho lako, mtu akija kukwambia hupewi sababu una nyumba mbili huyo kakudhulumu tu hamna lugha nyingine. Alafu kuna pensheni inayotoka kwenye kodi, haiangalii ulichangia au hukuchangia, inaangalia umri na ukaazi. Mi naongelea hii ya pili.

Kupima wazee si jambo jipya, ndo njia ya zamani kabisa. New Zealand walianza pensheni mwaka 1898 kwa kupima kipato, Uingereza wakafuata kwa sheria ya 1908, shilingi 5 kwa wiki, umri miaka 70, na ilibidi kipato chako kwa mwaka kisizidi pauni 31 na shilingi 10. Tena hawakuishia kwenye kipato, walipima mpaka tabia, mtu aliyeonekana alikuwa na mazoea ya kukwepa kazi alinyimwa. Kwahiyo mzee wa miaka 70 alikuwa anasimama mbele ya watu kuthibitisha kwamba ni maskini NA kwamba ni mtu mwema. Watu wanaosema tuanze kupima wanadhani wanaleta kitu cha kisasa, kumbe ni kule kule nchi nyingi zilipotoka, na zilitoka kwa sababu.

Sasa kupima kwa vitendo kukoje? Mi nimekaa na mama mmoja mtu mzima jirani, macho yameanza kumsumbua, nikimsaidia kujaza fomu ya namna hii. Jina, tarehe ya kuzaliwa, sawa. Alafu yakaja maswali: una akiba kiasi gani na iko wapi, nani mwingine anaishi humo ndani na anaingiza kiasi gani, kuna ndugu anayekutumia hela, kama yupo anatuma kiasi gani kwa mwezi. Hapo mama akanyamaza. Akaniuliza "mwanangu nikiandika kwamba mdogo wako huwa ananitumia si watanikata, na mwezi asiponitumia je?" Kisanduku kinataka namba moja na maisha yake hayana namba moja, kuna mwezi anapata na kuna miezi mitatu kimya. Akasema ngoja nifikirie, akaikunja ile fomu akaiweka chini ya kitambaa cha meza na hajaipeleka kokote mpaka leo. Kwenye takwimu za serikali huyo anahesabiwa kama mtu ambaye hakuomba, kwahiyo anaonekana hana shida.

Hiyo ndo hoja yangu. Kipimo hakimpimi tajiri, kinampima maskini. Tajiri hana hata haja ya kuomba, anayepitishwa kwenye tundu la sindano ni yule mwenye shida.

Mwamba_wa_Hoja

Mkuu umeandika vizuri ila umetumia huruma kukwepa hesabu. Hela za serikali zina mwisho. Ukisema kila mzee alipwe basi kila mzee analipwa kidogo, ndo hesabu ilivyo, ukigawa kwa watu kumi kila mmoja anapata moja ya kumi. Ukiwatoa wale watatu wasioihitaji wale saba wanaongezewa. Sasa huyo mama jirani yako angependa kipi, apate kidogo pamoja na matajiri au apate zaidi peke yake?

Alafu kuna kitu watetezi wa kulipa wote hawapendi kukisema. Matajiri wanaishi muda mrefu kuliko maskini, hii inajulikana karibu kila nchi ambako imepimwa. Mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote anafika umri wa pensheni amechoka anakula miaka michache anaondoka, yule aliyekaa ofisini anakula miaka ishirini na zaidi. Kwahiyo hiyo pensheni mnayoiita ya usawa ukijumlisha jumla yake tajiri kalipwa zaidi. Huo ni usawa gani?

Angalia Australia, wanapima kipato na mali, pensheni yao ya uzee inawagharimu chini ya asilimia 3 ya pato la taifa. Italia pensheni zinakula zaidi ya asilimia 15. Kijana wa Italia anayelipa kodi leo nani anamtetea?

Kijana_wa_Kodi

Mwamba umesema la moyoni. Mi ni kijana napanga chumba, nalipa kodi ya nyumba kwa mzee mwenye nyumba, nalipa kodi ya serikali kwenye mshahara, na kwenye ile kodi ya serikali kuna kipande kinaenda kumlipa pensheni yule yule mzee mwenye nyumba. Yani namlipa mara mbili. Sina ugomvi na wazee, wazazi wangu ni wazee, ila hii nielezeni taratibu niielewe.

Dada_Mkaguzi

Mimi nimefanya kazi upande wa pili wa dirisha, upande wa kupokea maombi ya mafao ya namna hii na kuyahakiki, sisemi wapi. Naomba niwaambie kinachoonekana ukiwa umekaa pale.

Mwenye uwezo anayetaka kupita anapita. Anakuja na faili limepangwa, kila karatasi na nakala yake, mali imeshahamishiwa jina la mtoto, anajua aseme nini na asiseme nini, mara nyingine kuna mtu kamsaidia kwa malipo. Maskini anakuja na mfuko una karatasi zote za maisha yake zimechanganyika, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, barua ya zamani ya kazini imechanika katikati pale ilipokunjwa, alafu ile moja tunayoitaka haimo. Tunamwambia arudi. Anarudi mara ya pili, kitambulisho kimeandikwa jina lina herufi moja tofauti na la benki. Arudi tena. Wapo ambao hawarudi. Kwenye mfumo tunaandika "maombi hayajakamilika" tunafunga jalada.

Waliokuwa wananyimwa kwa kweli hawakuwa wenye mali, walikuwa wenye karatasi pungufu. Na hapo sijagusa kuhakikiwa upya, maana mtu akishapita haimaanishi kapita moja kwa moja, kuna kuja kuthibitisha tena kwamba bado ni maskini. Mjane ambaye akaunti ilikuwa ya marehemu mumewe analetewa barua ya kusimamishiwa malipo kwa sababu hela ya mazishi waliyochanga ndugu imeonekana imeingia kwenye akaunti ikaonekana kipato kimepanda. Nililiona hilo kwa macho yangu na kulirekebisha ilichukua muda mrefu kuliko ule msiba.

Kwahiyo Mwamba, wale saba uliosema wataongezewa, sio saba. Kati ya saba kuna ambao hawatafika dirishani kabisa na kuna watakaorudishwa. Na gharama ya sisi tuliokuwa tumekaa pale na mishahara yetu na magari ya kwenda kuhakiki majumbani inatoka kwenye lile lile fungu.

Mwamba_wa_Hoja

Dada hiyo ni shida ya utendaji sio ya sera. Fomu irahisishwe, data za benki na kodi ziunganishwe, mtu asiulizwe kitu ambacho serikali tayari inacho. Huwezi kusema kwa sababu karani ni mzembe basi tumlipe bilionea.

Kalamu_ya_Jioni

Mwamba ingekuwa ni uzembe wa karani tungeona nchi zenye makarani wazuri na data zimeunganishwa hazina hilo tatizo. Uingereza wana mfumo mkubwa wa kodi, data zipo, na juu ya pensheni yao ya michango wana nyongeza ya wazee maskini iliyoanza 2003, inaitwa Pension Credit, ya kupimwa kipato. Karibu theluthi moja ya wanaostahili hawaidai. Theluthi! Fomu yake ilikuja kujadiliwa sana juzi juzi kwa sababu ina maswali zaidi ya 200 ukihesabu na ya nyongeza.

Na juzi juzi yenyewe ni hii, ni mfano mzuri kweli maana umetokea mbele ya macho yetu. Walikuwa na malipo ya kila mzee ya kusaidia gharama za kupasha joto nyumba kipindi cha baridi, pauni 200 mpaka 300 kwa kaya. Julai 2024 serikali mpya ikasema bajeti ina shimo, kuanzia sasa watapata wale tu wenye Pension Credit au mafao mengine ya maskini. Waliokuwa wanapata ni zaidi ya milioni 10, wakabaki kama milioni 1.5. Sasa fikiria walioondoka ni nani: matajiri ndio, watu wa kati ndio, lakini pia wale wote maskini ambao hawakuwahi kudai Pension Credit, wakapoteza vitu viwili kwa mpigo. Na kuna yule ambaye kipato chake kimezidi kiwango kwa pauni chache tu kwa wiki, huyo kakosa zote, kaishia kuwa na hali mbaya kuliko jirani yake mwenye kipato kidogo kuliko chake. Kelele zilizopigwa mnazijua. Mwaka uliofuata, 2025, wakageuza: kila mzee anapewa, alafu mwenye kipato cha zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka hela inarudishwa kupitia mfumo wa kodi.

Hiyo ya mwisho ndo ninayoitaka mimi tangu mwanzo. Lipa wote, alafu mwenye nacho umrudie kwenye kodi. Kwenye kodi hapimwi kwa umaskini wake, anapimwa kwa utajiri wake, na anayebeba mzigo wa kujaza makaratasi ni yeye sio bibi.

Mhasibu_Mstaafu

Vijana naomba niwaingilie kwa namba maana Australia imetajwa kama vile ni peponi.

Kwenye kipimo chao cha mali ukishavuka kiwango kilichowekwa, kila dola 1,000 ya ziada inakupunguzia pensheni dola 3 kila wiki mbili. Dola 3 inaonekana si kitu. Mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili, 3 mara 26 ni 78. Kwahiyo kila dola 1,000 uliyojiwekea inakupotezea dola 78 kwa mwaka, asilimia 7.8. Ile 1,000 ukiiweka mahali salama inakuzalishia asilimia 4, tuseme 5, unapata 50 unapoteza 78. Yani kuwa na akiba kunakugharimu kuliko kutokuwa nayo, mpaka ufike juu kabisa ambako pensheni imekwisha yote na huna cha kupoteza tena. Mtu wa kati, mwalimu, nesi, fundi aliyejinyima, ndo yuko hapo katikati kwenye eneo la maumivu. Tajiri mwenyewe yuko juu hagusiki.

Watu wanafanya nini? Wanachokifanya watu wote wenye akili. Nyumba unayoishi haihesabiwi kwenye hicho kipimo, kwahiyo hela inahamia kwenye nyumba, wanapanua wanakarabati. Wengine wanawagawia watoto, serikali ikaliona hilo ikaweka sheria kwamba ukigawa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka ile ziada inahesabiwa bado ni yako kwa miaka mitano. Kwahiyo mzee akimchangia mjukuu wake hela ya kuanzia nyumba inabidi kwanza aulizie pensheni itakuwaje. Kila ukiziba tundu unatunga sheria, kila sheria inahitaji mtu wa kuitafsiri, na mtu wa kuitafsiri analipwa na mwenye hela.

Na kwa upande wa kipato, ukivuka kiwango kila dola unayoipata unakatwa senti 50 za pensheni. Kodi ya senti 50 kwa dola, tukimtoza mfanyabiashara mkubwa wangesema tumeua uchumi, ila kwa mzee anayefanya kibarua cha siku mbili kwa wiki tunaiita kulenga walengwa.

Hiyo asilimia chini ya 3 nayo isomwe vizuri. Tangu 1992 Australia ina akiba ya lazima ya kustaafu, mwajiri anakutengea, na sasa imefika asilimia 12 ya mshahara. Mzigo mkubwa wa uzee umehamishiwa huko, alafu ile akiba inapewa unafuu mkubwa wa kodi ambao unawafaidisha zaidi wenye mishahara minono. Hela ya serikali kwa wazee wenye uwezo bado inatoka, ila inatokea mlango ambao hauandikwi pensheni.

Kijana_wa_Kodi

Mzee wangu hapo kwenye 78 na 50 umenifungua, sikuwahi kuiona hivyo. Ila swali langu la mwenye nyumba halijajibiwa.

Kalamu_ya_Jioni

Kijana nalijibu. Ugomvi wako na mwenye nyumba wako ni wa haki kabisa ila unautafutia dawa sehemu siyo. Shida sio kwamba analipwa pensheni, shida ni kwamba lile pango analokusanya kutoka kwako pengine halikatwi kodi ya serikali inavyopaswa. Ukimnyima pensheni umemkata kidogo sana, hela ya mwezi mmoja wa pango la vyumba vyake inaifunika. Ukimtoza kodi sawasawa kwenye pango umepata hela yake ya pensheni na ya wazee wengine kadhaa juu. Hii ndo inaniudhi kwenye mjadala wote huu, watu wanapigania kumnyima tajiri kale kadogo anakopewa na kila mtu, wakati hawagusi kale kakubwa ambako yuko peke yake.

Na hoja ya Mwamba kwamba tajiri anaishi muda mrefu, ni kweli na mi siikatai. Ila inajibika kule kule, kwa sababu ukimtoza kodi kila mwaka anaoishi, kila mwaka anaoongeza wa pensheni ni mwaka anaoongeza wa kodi.

Subira_Mama_Wawili

Samahani naingia katikati ila naona wanaume mnaongelea "mzee" kama vile kila mzee anakaa peke yake na hela zake. Kipimo kinapima kaya. Mume na mke wanahesabiwa pamoja. Sasa mama ambaye miaka yote hakuajiriwa, kalea watoto, kauguza wakwe, na mumewe ndo mwenye akaunti na mwenye neno la mwisho, kwenye karatasi huyo mama ana uwezo. Mume ana pensheni yake ya kazini na kiwanja, basi mke nae tajiri. Nyumbani anaomba hela ya sabuni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa na wakati mwingine wanalala chumba kimoja.

Pensheni ya kila mtu ikiingia kwa jina lake mwenyewe, mama wa miaka 70 anakuwa na hela ambayo hajaiomba kwa mtu kwa mara ya kwanza kwenye maisha yake. Hilo hamtaliona kwenye hesabu zenu za pato la taifa. Na Waingereza waliipitia hii ya kupima kaya, kuanzia 1931 kwa watu wasio na ajira, wakaguzi wanaingia ndani wanaangalia samani, mtoto akipata kibarua baba anakatwa posho, vijana wengine wakawa wanahama nyumbani ili wazazi wasikatwe. Yani serikali ilikuwa inazivunja familia maskini kwa kanuni. Haya mambo yamewahi kutokea sio ya kufikirika.

Mwamba_wa_Hoja

Dada Subira hoja ya kaya naikubali, kipimo kinaweza kuwa cha mtu mmoja mmoja. Ila bado hamjanijibu swali la siasa. Mnasema lipa wote alafu rudisha kwa kodi. Kwenye makaratasi safi. Kwa uhalisia kulipa kutafanyika, kurudisha hakutafanyika, kwa sababu wazee wanapiga kura na wazee wenye hela wanapiga kura na kelele. New Zealand walijaribu hilo hilo, walifanya pensheni ya wote bila kupima mwaka 1977, tena kuanzia umri wa miaka 60, ikawalemea, 1985 wakaweka kodi ya ziada kwa wazee wenye vipato vingine, ikapigwa vita mpaka ikafutwa 1998. Hiyo njia yenu ndo ilikufa hapo.

Mhasibu_Mstaafu

Ile kodi ya ziada iliwahusu wazee peke yao, ndo maana waliiona kama adhabu. Lakini malizia hadithi. Baada ya kuifuta hawakurudi kwenye kupima maombi. Umri walishaanza kuupandisha tangu 1992 kutoka 60 kwenda 65, wakamaliza 2001, na pensheni yenyewe inaingia kwenye kodi ya mapato kama kipato kingine chochote. Mwenye hela nyingi pensheni yake inakatwa kodi kwa kiwango chake cha juu, kwahiyo sehemu yake inarudi serikalini. Na Kanada wanarudisha waziwazi tangu 1989, kila dola juu ya kiwango fulani, sasa ni zaidi ya dola 90,000 za kipato kwa mwaka, wanachukua senti 15 za pensheni. Imedumu mpaka leo. Senti 15, sio 50. Ukiweka kiwango juu na makato taratibu watu hawapindishi maisha yao ili kukwepa.

Na siasa ina upande wa pili. Mauritius walianza kwa kupima mwaka 1950, 1958 wakaondoa kipimo, 2004 serikali ikakirudisha, 2005 uchaguzi ukaja na serikali mpya ikakifuta. Kitu ambacho kila mtu anakipata kila mtu anakilinda. Kitu cha maskini peke yao kikikatwa nani atapiga kelele, huyo aliyekunja fomu akaiweka chini ya kitambaa?

Mwamba_wa_Hoja

Hapo mzee wangu nakubaliana na wewe kwenye kiwango cha juu. Mi sijawahi kusema tutafute maskini wa kutupwa. Afrika Kusini wanapima ila wameweka viwango vya mbali kiasi kwamba wazee walio wengi wanapata. Chile tangu 2022 wanalipa asilimia 90 ya wenye umri, wanawaacha asilimia 10 ya juu. Kwanini tusikutane hapo? Kumtafuta tajiri ni rahisi kuliko kumtafuta maskini.

Dada_Mkaguzi

Kaka hiyo ni bora mara mia kuliko kutafuta maskini, nakupa hilo. Swali ni nani anabeba kazi ya kuthibitisha. Kama serikali inawatoa wale kumi wa juu yenyewe kwa data ilizonazo na wengine wote wanalipwa bila kuulizwa, sina tatizo, hiyo kwa vitendo ni karibu sawa na anachosema Kalamu. Kama ni kila mzee aje athibitishe kwamba hayumo kwenye wale kumi, tumerudi dirishani kwangu na ule mfuko wa karatasi.

Kalamu_ya_Jioni

Sawasawa kabisa. Mi msimamo wangu uko hapo kwa dada. Mzigo wa ushahidi uwe juu ya serikali na juu ya mwenye nacho. Anayeomba pensheni aulizwe swali moja tu, una umri gani.

Mwamba_wa_Hoja

Na hilo swali moja unajua kwamba nalo ni mtihani? Sehemu nyingi za dunia wazee hawana vyeti vya kuzaliwa. Ukisema umri tu ndo kigezo, kesho kila mtu ana miaka 70.

Mhasibu_Mstaafu

Mwamba hapo umegusa kitu kilichotokea kweli. Pensheni ya Uingereza ilipoanza kulipwa Januari 1909 Ireland ilikuwa chini yao, na Ireland uandikishaji wa vizazi ulianza 1864 tu, kwahiyo hakuna mzee wa miaka 70 aliyekuwa na cheti cha serikali. Walichofanya maofisa ni kuuliza unakumbuka nini. Kulikuwa na dhoruba kubwa sana iliyopiga nchi nzima usiku wa tarehe 6 Januari 1839, mzee akisema anaikumbuka ilikuwa inachukuliwa kama dalili kwamba umri umefika. Na ndio, wapo wengi walioikumbuka na hawakuwa wamezaliwa.

Dada_Mkaguzi

Basi bora hela ya wakaguzi wa kipato ihamie kwenye kuandikisha umri. Umri unauthibitisha mara moja mtu hadi anakufa hautaki kuhakikiwa tena, na ukishaandikisha vizazi vya leo wa baadae hawatakuwa na hiyo shida. Kipato inabidi ukipime kila mwaka kwa kila mzee na kila mwaka unakosea upya. Kwa wale ambao hawana cheti sasaivi mi ningependekeza daftari la ubatizo, kadi ya zamani ya kupigia kura, umri wa mtoto wa kwanza, na wazee wawili wa rika lake wanaomjua, kimojawapo kikipatikana alipwe. Akipita mwenye miaka 67 akajiita 70 serikali imepoteza miaka mitatu kwa mtu ambaye hata hivyo ni mzee, mi kosa hilo naliweza kuliko la kumnyima wa miaka 80 kwa sababu ya herufi moja kwenye jina.

Kijana_wa_Kodi

Hapo kwenye wazee wawili wa rika lake naona mtaanza kuhongana, ila kwa mengine naunga mkono. Na mwenye nyumba wangu mumtoze hiyo kodi ya pango.